Kutoka Simu Hadi Deki: Utangulizi wa Kuandaa Video kwa Ajili ya DVD

Deki ya DVD iliyopo sebuleni kwa shangazi yako haijui MP4 ni kitu gani, wala haitakuja kujua. Makampuni yaliyobuni DVD yalikubaliana masharti yake katikati ya miaka ya 1990. Deki za kwanza ziliingia sokoni Japani Novemba 1996, Marekani zikafuata mwaka 1997, na tangu hapo masharti ya msingi yamebaki yale yale. Simu iliyo mfukoni mwako imezaliwa miaka mingi baadaye na inarekodi kwa njia ambazo wabunifu wale hawakuwa nazo. Kazi utakayojifunza katika kurasa hizi ni kuichukua picha ya simu au kamera na kuifikisha kwenye deki hiyo katika hali ambayo deki itaikubali.

Karibu, basi. Nimeandika utangulizi huu nikimfikiria mtu aliyerekodi harusi au kipaimara, akataka wazee nyumbani wakione kwenye televisheni, na kila alipochoma diski akapata kero mpya. Mara deki inagoma kabisa. Mara watu wanaonekana wanene kuliko walivyo. Mara sauti inaitangulia midomo, au kompyuta inakesha ikifanya kazi na alfajiri inasema diski haitoshi. Kero hizo zinaonekana nyingi, lakini vyanzo vyake ni vichache na vinaeleweka. Huhitaji kuwa fundi. Ukijua kuzidisha na kugawanya, na ukiwa na subira ya kusoma kwa mpangilio, utafika.

Tuanze na jambo linalowachanganya karibu wanafunzi wote. DVD tupu inaweza kubeba faili la aina yoyote: barua, picha, mahesabu ya duka. Ukiburuta faili la MP4 kwenye diski na kulichoma hivyo hivyo, umetengeneza diski ya data. Kompyuta itaifungua bila taabu, nawe utadhani kazi imekwisha. Deki hufanya tofauti. Inapoingiziwa diski hutafuta folda moja yenye jina VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya aina tatu. Mafaili ya VOB ndiyo yenye picha na sauti, na hakuna linaloruhusiwa kuzidi gigabaiti moja. Ndiyo sababu filamu moja huonekana imekatwa vipande kadhaa. Mafaili ya IFO hubeba maelekezo: video inaanzia wapi, ina sura ngapi, menyu iko wapi. Mafaili ya BUP ni nakala za hayo ya IFO, zimewekwa kando kama akiba endapo diski itakwaruzika. Mara nyingi utakuta pia folda ya AUDIO_TS ikiwa tupu. Usihangaike nayo.

Diski yenye mpangilio huo ndiyo inayoitwa DVD ya video. Zipo deki za miaka ya karibuni zenye tundu la USB au nembo ya DivX, ambazo husoma pia mafaili ya AVI na hata MP4. Hiyo ni hisani ya aliyezitengeneza. Kama diski inakwenda kwa mtu ambaye hujaiona deki yake, iandae kama DVD ya video.

Sasa tuingie ndani ya faili lenyewe. Herufi za mwishoni mwa jina la faili, yaani MP4, AVI, MKV au MOV, hutaja kontena. Kontena ni utaratibu wa kufunga picha, sauti na maandishi pamoja katika faili moja ili vitembee sambamba. Halisemi picha yenyewe imeandikwaje. Aliyewahi kununua mafuta ya taa yaliyotiwa kwenye chupa ya soda anajua kwamba chupa si ushahidi wa kilichomo. Namna picha au sauti ilivyoandikwa ndani ya kontena huitwa kodeki, yaani kanuni za kuibana picha wakati wa kuandika na kuikunjua wakati wa kuonyesha. Faili la AVI, kontena ambalo Microsoft ililitoa mwaka 1992, linaweza kuwa na picha za kamera ya kaseti au filamu iliyobanwa kwa DivX. Faili la MP4 kutoka kwenye simu yako huenda likawa na H.264, kodeki iliyopitishwa mwaka 2003, au HEVC iliyokuja miaka kumi baadaye. Kuandika picha kwa kodeki fulani ndiko kunakoitwa kusimba, nako kuikunjua ni kusimbua.

Deki ya DVD inasimbua MPEG-2. Inaijua pia MPEG-1, kodeki iliyotumiwa na VCD zile zilizojaa mitaani kwetu kabla ya DVD kushuka bei, lakini kwa kazi nzuri wewe shika MPEG-2. Hapo utaona kwa nini kubadilisha jina la faili kutoka .mp4 kuwa .vob hakusaidii kitu: umegusa jina, picha ndani yake bado ni H.264. Ipo programu ya bure iitwayo MediaInfo ambayo hufungua faili lolote la video na kukuambia kontena, kodeki, ukubwa wa picha na kasi yake. Kabla hujagusa kitu kingine, anza na hiyo. Maswali mengi ninayoletewa na wanafunzi hujijibu yenyewe mbele ya ukurasa wake mmoja.

Hapa panahitaji tahadhari. Programu nyingi zina kitufe kimoja tu cha kugeuza faili, na nyuma ya kitufe hicho kuna kazi mbili tofauti sana. Ya kwanza ni kuhamisha picha na sauti kutoka kontena moja hadi lingine bila kuzigusa. Hiyo humalizika haraka na haipotezi chochote. Ya pili ni kusimbua kila picha na kuisimba upya kwa kodeki nyingine. Hiyo huchukua saa nyingi kwenye kompyuta dhaifu, na kila mara hupoteza kitu. Kutoka simu kwenda DVD hakuna njia ya mkato: ni lazima usimbe upya. Ili uelewe kinachopotea, tufanye hesabu.

Picha ya video ni msururu wa picha tulivu zinazopita haraka mbele ya macho. Kila moja huitwa fremu. Fremu ya DVD katika mfumo wetu ina pikseli, yaani nukta za rangi, 720 kwa upana na 576 kwa kimo, jumla 414,720. Kila nukta ikiandikwa kwa biti 24, na fremu zikiwa 25 kwa sekunde, utahitaji biti karibu milioni 249 kila sekunde, sawa na megabaiti 31. Diski yako ina baiti 4,700,000,000. Gawanya: video isiyobanwa ingeijaza diski nzima kwa muda wa dakika mbili na nusu. Bwana harusi hajashuka hata kwenye gari.

Kwa hiyo kubana ndiyo msingi wa fani hii yote, na binafsi ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, maana imejengwa juu ya udhaifu wa jicho la binadamu.

Udhaifu wa kwanza: jicho hutofautisha mwanga na giza vizuri kuliko linavyotofautisha rangi. Hivyo DVD huhifadhi mwangaza wa kila nukta, lakini rangi huhifadhiwa mara moja kwa kila kundi la nukta nne. Mzigo umepungua kwa nusu na hakuna aliyegundua.

Udhaifu wa pili unahitaji hisabati kidogo. Fremu hukatwa miraba midogo, kila mmoja nukta 8 kwa 8. Badala ya kuandika mwangaza wa nukta moja moja, kodeki huuliza: katika mraba huu, mwangaza kwa wastani ni kiasi gani, unabadilika taratibu kiasi gani kutoka upande mmoja hadi mwingine, na unabadilika haraka haraka kiasi gani? Ukuta uliopakwa rangi moja hauna mabadiliko ya haraka kabisa. Nakshi za kanga zinayo mengi. Jicho hujali zaidi mabadiliko ya taratibu, kwa hiyo yale ya haraka huandikwa kwa ukadiriaji tu, na mengi huishia kuwa sifuri, na sifuri nyingi zinazofuatana huandikwa kwa nafasi ndogo sana. Hesabu hiyo aliibuni Nasir Ahmed, mhandisi aliyezaliwa Bangalore, India, na kufundisha Kansas, Marekani. Alipoomba fedha za kuitafiti mwaka 1972 alinyimwa. Aliendelea hata hivyo, na mwaka 1974 akaichapisha pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Leo imo ndani ya karibu kila picha ya JPEG unayopiga na kila DVD unayotazama. Biti zikiwa chache mno, ukadiriaji unakuwa mkali, na mipaka ya miraba ile huanza kuonekana kwenye skrini. Vile vigae unavyoviona kwenye DVD mbovu, hasa penye giza, ndiyo miraba ya 8 kwa 8 yenyewe.

Cha tatu si udhaifu wa jicho, ni tabia ya ulimwengu: sekunde moja hufanana sana na inayofuata. MC akiwa amesimama anaongea, kinachobadilika kati ya fremu na fremu ni midomo yake na mkono wenye maikrofoni. Pazia nyuma yake ni lile lile. MPEG-2 hutumia hali hiyo kwa kuwa na fremu za aina tatu. Fremu ya I huandikwa nzima, inajitegemea. Fremu ya P huandika tofauti tu kati yake na fremu iliyotangulia, ikisema kwa mfano kwamba kipande hiki cha picha kimesogea nukta sita kulia. Fremu ya B huangalia nyuma na mbele pia, na ndiyo ndogo kuliko zote. Kwenye DVD ya mfumo wetu, kutoka fremu moja ya I hadi nyingine zisizidi fremu 15, yaani sekunde 0.6. Ukipeleka mbele kwa rimoti, deki hurukaruka juu ya fremu hizo za I.

Ukishaelewa hilo utaacha kushangaa kwa nini video mbili za saa moja hazilingani kwa ugumu. Mahubiri ya kanisani, kamera ikiwa juu ya mguu wa kuegemea, hubanika kirahisi. Ukumbi mzima ukinyanyuka kumtuza bibi harusi, taa za disko zinazunguka, noti zinapepea na kamera iko mkononi mwa mtu anayecheza pia, karibu kila nukta inabadilika kila fremu, na kodeki haina cha kurudia. Mbaya zaidi ni chengachenga za gizani. Simu ikirekodi penye mwanga hafifu hutoa vinukta vinavyochemka ovyo, na kodeki huvihesabu kama mwendo halisi. Inavipa biti ambazo zingeenda kwenye sura za watu. Taa moja ya ziada ukumbini ina faida kubwa kuliko programu yoyote utakayonunua.

Hapo ndipo inapotoka kanuni ninayoomba uishike: simba mara moja, na simba kutoka kwenye faili la asili. Kila usimbaji hukadiria juu ya makadirio ya uliotangulia. Video iliyopitia WhatsApp imekwisha kubanwa njiani. Ukiichukua hiyo na kuifanya DVD, unabana kilichobanwa, na vigae vya awali husimbwa upya kana kwamba ni sehemu ya harusi. Mwombe aliyerekodi akupe faili lake kwa waya, kwa kadi ya kumbukumbu, au kwa njia nyingine isiyoigusa picha.

Tumefika kwenye hesabu ya muda. Kasi ya biti ni idadi ya biti zinazotumika kwa kila sekunde ya video, nayo hupimwa kwa megabiti, yaani milioni za biti. DVD inaruhusu picha isizidi megabiti 9.8 kwa sekunde, na picha pamoja na sauti na vinginevyo visizidi 10.08. Baiti moja ina biti nane, kwa hiyo diski ya baiti 4,700,000,000 ina biti 37,600,000,000. Video ya saa mbili ina sekunde 7,200. Ukigawanya unapata megabiti 5.2 kwa sekunde. Toa sauti, toa akiba kidogo ya menyu na maelekezo, picha inabaki na takriban 4.8. Kwa haraka, gawanya 600 kwa dakika za video yako: dakika 120 zinakupa 5, dakika 90 zinakupa zaidi kidogo ya 6.6, dakika 240 zinakupa 2.5. Kwa macho yangu, dansi na vifijo chini ya megabiti 4 huanza kuharibika, na 2.5 sitampa mtu aliyenilipa. Video ya saa nne igawe diski mbili, kama zilivyofanya filamu ndefu enzi za VCD, au tafuta diski za tabaka mbili zenye gigabaiti 8.5, ambazo ni ghali zaidi. Kwa video fupi nako usipande hadi 9.8 kwa sababu tu nafasi ipo; deki za zamani na diski za bei rahisi hukwamakwama kwenye kasi hiyo. Ishia 8.

Usishtuke kompyuta ikikuambia diski yako ina gigabaiti 4.38 na si 4.7 kama boksi linavyosema. Hujaibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti kama baiti bilioni moja, ilhali kompyuta nyingi huhesabu kwa kuzidisha 1,024 mara tatu. Baiti ni zile zile.

Utakutana pia na chaguo la kusimba kwa kupita mara mbili. Mara ya kwanza programu huipitia video nzima na kuandika tu wapi pagumu na wapi pepesi. Mara ya pili ndipo husimba, ikiyapa matuzo biti nyingi na mahubiri biti chache, huku jumla ikibaki ile uliyopanga. Muda unakaribia mara mbili. Kama video inazidi saa moja na nusu, ninakushauri uuvumilie.

Sasa tuone ni kwa nini nimekuwa nikisema mfumo wetu. Televisheni za zamani zilifuata mapigo ya umeme wa nchi. Umeme wa Afrika Mashariki, kama wa Ulaya, hupiga mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani mara 60. Wamarekani walipitisha mfumo wao wa rangi, NTSC, mwaka 1953. Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken akabuni PAL mwanzoni mwa miaka ya 1960, na huo ndio uliokuja kutumika Kenya, Uganda na Tanzania, pamoja na Zanzibar, iliyokuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. DVD ikarithi mgawanyiko huo: PAL ina fremu 25 kwa sekunde zenye mistari 576, NTSC ina fremu 29.97 zenye mistari 480.

Tatizo ni simu. Nyingi hurekodi fremu 30 kwa sekunde hata zikiuzwa Kariakoo. Ukiilazimisha video hiyo iwe PAL, programu hutupa fremu tano kila sekunde, na kamera inapogeuka taratibu kutoka meza hadi meza utaona picha ikishtukashtuka. Una njia mbili. Baadhi ya simu na kamera karibu zote zina mpangilio wa fremu 25. Uchague kabla ya sherehe kuanza. Ikiwa sherehe imeshapita, isimbe kama NTSC. Deki na televisheni nyingi zilizouzwa kwetu hupokea mifumo yote miwili, na mimi huona ni bora kupoteza mistari 96 kuliko kupoteza mwendo. Wapo watakaopinga. Jaribu kwenye deki husika uamue mwenyewe.

Simu ina tabia nyingine inayoleta ile kero ya sauti kuachana na midomo. Kamera ya kawaida hushika fremu 25 kwa sekunde mwanzo hadi mwisho. Simu, mwanga ukipungua, huweza kushuka hadi 24 au chini yake bila kukuambia, kisha ikapanda tena. Programu ya kusimba ikidhani kasi ni moja muda wote, picha huanza kuteleza dhidi ya sauti: dakika ya tano huoni kitu, dakika ya arobaini hotuba ya mzee inasikika kabla hajafungua mdomo. MediaInfo itakuandikia kwamba kasi ya fremu inabadilika. Dawa ni kuiweka kasi hiyo iwe moja wakati wa kusimba, na programu nzuri ina chaguo hilo.

Kuhusu sauti yenyewe maneno ni machache. Simu huandika sauti kwa AAC, ambayo DVD haiitambui. DVD hutaka AC-3 ya Dolby, au PCM isiyobanwa, au kwa PAL hata MP2, na sampuli, yaani vipimo vya wimbi la sauti, ziwe 48,000 kwa sekunde na si 44,100 kama kwenye CD za muziki. PCM inavutia kwa usafi wake, lakini inakula megabiti 1.5 kwa sekunde, karibu theluthi moja ya zile 5 ulizokuwa nazo kwa saa mbili. AC-3 ya kilobiti 224 inatosha kabisa kwa taarabu na hotuba.

Na wale watu walionenepa? Ukigawanya 720 kwa 576 unapata 1.25, uwiano usiolingana na televisheni ya zamani ya 4:3 wala ya sasa ya 16:9. Nukta za DVD si mraba kamili. Diski hubeba alama inayoiambia deki iivute picha hadi uwiano upi, na nukta zenyewe ni 720 kwa 576 katika hali zote mbili. Picha ya 16:9 ikipewa alama ya 4:3, watu wanakonda na kurefuka. Kinyume chake wanatanuka. Kosa liko kwenye alama, wala si lazima kusimba upya, kwani zipo programu zinazoibadilisha peke yake. Video iliyorekodiwa simu ikiwa wima haina tiba kama hiyo. Ikiwekwa kwenye skrini ya 16:9 bila kukatwa, inachukua chini kidogo ya theluthi ya upana, na pembeni ni weusi.

Kama unatoa picha kwenye kaseti za MiniDV, kuna jambo moja la ziada. Televisheni za kioo kinene hazikuchora fremu nzima kwa mpigo. Zilichora kwanza mistari ya nambari witiri, kisha ya shufwa, mara 50 kwa sekunde. Kila nusu huitwa fildi. Kamera za DV huanza na fildi ya chini, ilhali programu nyingi za DVD hudhani ni ya juu. Mpangilio ukikosewa, kila mwendo hutetemeka kwenda mbele na kurudi nyuma. Iambie programu ni fildi ipi inayotangulia, na usiruhusu picha ipunguzwe kimo kabla fildi hazijatenganishwa. Wenye mafaili ya simu tu wanaweza kuiruka aya hii, kwa sababu simu huandika fremu nzima.

Zana ziko nyingi na nzuri zaidi ni za bure. FFmpeg, aliyoianzisha Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, haina vitufe, huandikiwa amri. Lakini ina neno moja linalobeba karibu yote tuliyoyasema, ukiacha hesabu ya muda: ukiandika ffmpeg -i harusi.mp4 -target pal-dvd -aspect 16:9 harusi.mpg, itaweka MPEG-2, ukubwa wa 720 kwa 576, fremu 25, AC-3 na sampuli 48,000. Kasi ya picha itakuwa megabiti 6, inayotosha kama saa moja na nusu kwa diski moja. DVDStyler hupokea mafaili, hukuruhusu kupanga menyu na sura, kisha hutoa folda ya VIDEO_TS. ImgBurn huchoma folda hiyo kwenye diski. Jihadhari na HandBrake, ambayo wengi huelekezwa kwayo: ni programu bora sana, ila kazi yake ni kutoa video kutoka DVD kwenda MP4, safari ya kinyume na yako. Na kwa kuwa nimeitaja safari hiyo: filamu na nyimbo za watu zina wenyewe, na utangulizi huu ni wa video zako au za aliyekupa kazi.

Kabla ya kuchoma, fungua folda ya VIDEO_TS kwa programu ya VLC na uiangalie kama diski. Ruka hadi mwisho usikilize kama midomo na sauti bado viko pamoja. Kosa likionekana hapa, umepoteza umeme tu. Kisha choma. Mwali mwekundu wa leza huunguza alama ndogo mno kwenye tabaka la rangi ndani ya diski, na alama hizo haziwezi kufutwa kwenye DVD-R. Tumia kasi ya wastani, mara 4 au mara 8, hata kama boksi linajivunia 16. Hakikisha programu imeifunga diski, yaani imeandika alama ya mwisho inayoiruhusu deki kuisoma. Diski za RW, zinazofutika, hurudisha mwanga hafifu na deki kongwe huzikataa, hivyo usizipeleke kwa wazee. Programu ikiuliza diski ni ya ukanda gani wa dunia, acha wazi. Nchi nyingi za Afrika ziko kwenye ukanda wa 5, lakini kufuli hilo liliwekwa na wauza filamu na halina maana kwa harusi.

Nakala ya kwanza ijaribu kwenye deki kongwe kuliko zote unazoweza kuazima. Ikicheza humo, itacheza popote. Halafu andika jina la sherehe na tarehe juu ya diski kwa kalamu ya wino laini, si kwa karatasi ya kubandika, ambayo huifanya diski iyumbe inapozunguka na ikibanduka humo ndani utaitwa na mwenye deki. Faili la asili lililotoka kwenye kamera liweke kwenye hifadhi ya nje. Usilifute eti kwa sababu DVD sasa ipo.